Sony STR-DH190 au Yamaha R-S202? Igeuze kwanza uone mgongo

Resiva (redio na amplifaya ya spika katika mashine moja) ikikata sauti upande mmoja, usikimbilie dukani. Izime, kisha badilisha waya za spika kwa nyuma: wa kushoto uende kulia, wa kulia uende kushoto. Ububu ukihamia spika nyingine, na unatokea hata ukisikiliza redio ya FM, kosa ni la resiva. Ukibaki kwenye spika ileile, resiva yako ni nzima. Na kama upande huo hurudi ukipandisha sauti, mara nyingi ni relei ya spika (swichi ya umeme iliyo ndani) iliyochoka. Fundi anaibadilisha kwa pesa ndogo.

Ikishathibitika kwamba haifai tena, mbili za bei ya chini zinazostahili kulinganishwa ni hizi, Sony STR-DH190 na Yamaha R-S202. Kila moja imeandikwa wati 100 kwa upande, ina Bluetooth, na ina matundu ya spika jozi mbili, A na B. Wati zisikuumize kichwa. Kutoka 50 kwenda 100 sikio linaongezewa desibeli 3 tu, na sebuleni kwa sauti ya maongezi hutumii hata wati 5. (Maelfu ya wati za PMPO, namba za kuvutia wanunuzi kwenye maboksi ya sabufa, hayahusiani na lolote hapa.)

Kinachozitenganisha kiko mgongoni. Sony ina tundu la PHONO, la kuchomeka mashine ya santuri, Yamaha R-S202 haina. Sindano ya kawaida ya santuri, aina ya MM (yenye sumaku inayosogea), hutoa milivolti 2 hadi 5 tu, na besi yake imepunguzwa makusudi wakati wa kukata sahani. PHONO huikuza sauti hiyo kama mara mia na kuirudishia besi. Ukichomeka santuri kwenye tundu la CD utasikia mnong'ono mwembamba usio na besi. Ukifanya kinyume, CD kwenye PHONO, utapata makelele yaliyopasuka. Mwenye santuri achukue Sony, isipokuwa mashine yake ina swichi ya PHONO/LINE. Hapo aiweke LINE na Yamaha itamfaa. Waya mwembamba wa athi wa santuri ufunge kwenye skrubu ya GND, la sivyo mvumo hautaisha.

Kasoro kubwa ni za zote mbili: hakuna hata moja yenye tundu la dijitali. Televisheni nyingi za sasa hutoa sauti kwa HDMI au kwa tundu la mwanga la OPTICAL tu, kwa hiyo tenga pesa za kiboksi cha kubadili dijitali kuwa analogi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Ukiiacha kwenye Dolby, viboksi vingi vya bei rahisi vitakaa kimya au kukoroma, na wewe utadhani umeuziwa kibovu. Vilevile hazina tundu la sabufa. Sabufa yako iwe na matundu ya kupokea waya za spika, au uachane nayo.

Kwa asiye na santuri ningesema Yamaha, hasa kwa redio yake: FM na AM, stesheni 40 za kuhifadhi. Yenye herufi D mwishoni, R-S202D, ina DAB, redio ya dijitali, mahali pa AM.

Sasa umeme, hapa ndipo mitumba inapoumiza watu. Kibandiko cha nyuma kisome kabla ya kulipa. Cha Japani kitasema volti 100, cha Marekani 120. Ukichomeka moja kwa moja kwenye 230 au 240 zetu unaunguza transfoma. Hata ukinunua transfoma ya kushusha, redio bado ina lake. FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kuishia 95, za zamani 90, kwa hiyo stesheni za juu ya hapo huzipati kabisa. Ya Marekani mara nyingi huruka kwa hatua za 0.2: 98.3, kisha 98.5. Capital FM ya Nairobi iko 98.4, katikati. Kuna resiva zenye namna ya kubadili hatua hizo, lakini muuzaji akuonyeshe, asikwambie tu.

Ya mtumba ipime pia kwa maltimita kwenye matundu ya spika, ikiwa imewaka, sauti iko sifuri na spika zimechomolewa. Weka DC (umeme mnyoofu), milivolti. Chini ya 50 ni salama. Ikipita 100, iache hapohapo, itakuja kula spika zako.

Unapounga, menya waya kama sentimita moja na uzisokote nyuzi vizuri. Uzi mmoja ukigusa tundu la jirani, resiva hujizima kila ukiongeza sauti. Na spika za ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani) ukiziwasha A na B pamoja zikiwa sambamba, resiva inaona ohm 4. Soma kiwango kilichoandikwa pembeni mwa matundu. Kama 4 haimo, washa jozi moja.