Chupa ya chuchu ya mwendo pole: nimeipenda, ila kifuniko!

Nilinunua chupa hii ya mililita 120 kwa shilingi 650, kwenye duka la vitu vya watoto Eastleigh. Binti yangu nilimpokea kutoka makao ya watoto akiwa na miezi 3. Chupa aliyokuja nayo ilimwaga maziwa kama mfereji uliokatika. Anapaliwa, analia, nami nalia naye.

Hii hutoa tone baada ya tone. Namkalisha wima kidogo, chupa naishika ikiwa imelala, ananyonya, anapumzika, ananitazama. Macho hayo! Kwa mtoto aliyebebwa na mikono mingi, dakika hizo 20 ni zetu wawili. Jirani aliniambia niiegemeze kwa mto nikafue nguo. Thubutu! Akipaliwa, nani atamsikia?

Shingo ni pana, brashi inafika hadi chini. Lakini baada ya kuchemshwa wiki mbili, alama za vipimo zimefutika, na hilo si dogo. Maziwa ya kopo hupimwa: maji ya moto kwanza, ndipo unga. Ukikisia, utampa mepesi yasiyo na lishe au mazito ya kumfunga choo. Sasa napimia kwa ile ya zamani.

Kifuniko nacho kilivuja ndani ya matatu, shali yote chapachapa. Mwenye duka akasema bidhaa ikishauzwa hairudi. Haya.

Nyota 3. Nikipata pesa nitanunua ya pili, lakini si kwake.