Kimashine kidogo cha jeli chenye taa ya bluu, uzoefu wangu wa miezi minane

Niliahidi nikikitumia vya kutosha ntaandika, haya. Mi niko maabara ya mbu, kila siku natenganisha gambiae na arabiensis, aina mbili za mbu wa malaria, maana kwa macho hata uwe na hadubini ya aina gani hawa wawili ni walewale, mpaka upige PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) halafu DNA uipitishe kwenye jeli umeme uivute. DNA ina chaji hasi so inakimbilia upande wa chanya, kipande kifupi kinapenya upesi, kirefu kinachelewa, ndo mchezo wote huo.

Hiki kimashine pawa saplai iko humohumo na chini kina taa ya bluu, yani unaziona bendi (mistari ya DNA) zikitembea hukohuko ndani ya tanki, hapo tu kilinimaliza. Zamani unasubiri, unabeba jeli mpaka chumba cha UV, na ile ethidium, rangi ya kufanya DNA iwake, kwa sumu yake kila mtu anaogopa hata kushika kitasa cha mlango. Kipande cha arabiensis kinatoka besi (herufi za DNA) 315, cha gambiae 390, tofauti besi 75 tu, kwa hiyo usimwage jeli ya asilimia 1 ukategemea miujiza, weka 2, volti 100, tulia. Siku moja nilipandisha 150 niwahi daladala, jeli ikachemka, bendi zikapinda kama midomo inanicheka, kesho yake nikarudia zote.

Ubaya sasa. Tanki halina rangi za kuonyesha chanya na hasi, hakuna nyekundu hakuna nyeusi, wiki ya kwanza nikaweka jeli kinyumenyume, sampuli zikarudi nyuma zikatoka kwenye visima (vishimo vya jeli vya kuwekea sampuli) zikaishia kwenye bafa, yale maji ya chumvi ya tanki, nawasha taa naona ladda (DNA ya kupimia urefu) hamna, sampuli hamna, kweupe. Siku hizi naangalia mapovu kwanza, upande unaotoa mengi ndo hasi, visima vikae huko. Na kitrei cha kumwagia jeli kinavuja, pembeni nabandika selotepu.

Umeme ukikatika usiiache jeli imekaa masaa, bendi zinatawanyika zinakuwa ukungu, ila kinakula umeme kidogo sana, sisi tunakichomeka kwenye inveta kinaenda fresh.

Nakipa nyota 4. Ya tano nimemnyima muuzaji, kichana cha kutengenezea visima kilichokuja nacho ni cha visima 8 tu, nikamuomba cha 16 akasema kiko njiani, na mpaka leo kiko njiani.