Kubeba baiskeli za umeme nyuma ya gari: jukwaa au mikono ya kuning'iniza?

Kibebeo cha mikono, kinachoning'iniza baiskeli kwa fremu, ni chepesi na bei yake ni nafuu, lakini kilibuniwa kwa baiskeli za kilo 12 hadi 15. Ya umeme huwa na kilo 20 hadi 30. Ukiining'iniza, uzito wote unalalia bomba la juu la fremu, na zile za fremu ya chini hazina hata bomba hilo. Kila tuta la barabara ya Masaka, Uganda, baiskeli zinabembea na kugongana. Kanyagio la moja linakwaruza rangi ya nyingine.

Jukwaa linabeba baiskeli kwa magurudumu, fremu haibebi uzito. Chagua linaloruhusu angalau kilo 30 kwa kila baiskeli, lenye ubao wa mteremko wa kusukumia baiskeli juu. Kunyanyua kilo 28 hadi kiunoni ni kazi ya wawili. Ubaya wake ni uzito. Piga hesabu: baiskeli mbili za kilo 28 ni 56, jukwaa 24, jumla 80. Kama ndoano ya trela inayobeba jukwaa inaruhusu 75, umezidisha. Toa betri mbili za kilo 3.5, unabaki na 73. Betri zisafiri ndani ya gari, mbali na jua.

Ndoano iliyochomelewa na fundi wa mtaani bila kibao cha uzito? Usiiamini kwa lolote kati ya haya. Na baada ya kilomita 20 za murramu, simama ukaze boliti upya.

Sisi tungechukua jukwaa. Mikono ibaki kwa baiskeli za kawaida.