Mitumba ya Sabasaba kwa mgeni wa roki: jinzi safi, buti kagua, fulana usikimbilie

Anayeanza kuingia kwenye muziki wa roki na metali (roki nzito) hapa Dodoma anaweza kuvikwa na soko la Sabasaba peke yake, mradi ajue anashika nini.

Jinzi tunazipa alama za juu. Nyeusi iliyopauka si hasara ikiwa ni pamba tupu: maji ya moto lita kumi, rangi ya unga, chumvi robo kilo, koroga nusu saa hadi saa nzima, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Ukiacha kukoroga inatoka na mabaka. Poliesta ikizidi usihangaike, haishiki rangi hiyo. Ndiyo maana hata uzi wa mshono, ambao mara nyingi ni poliesta, hubaki na rangi yake ya zamani (wapo wanaoupendea hivyo hivyo).

Buti ndizo zinazowaliza wageni. Juu ngozi nzima, chini soli imekufa. Soli za poliurethani (aina ya plastiki) huharibiwa na unyevu wa hewa hata buti zikikaa stoo miaka bila kuvaliwa. Unazinunua leo, kesho kutwa zinamomonyoka barabarani. Bonyeza soli kwa ukucha, kisha ikunje. Ukiona nyufa au unga, rudisha. Tafuta soli ya mpira iliyoshonwa, maana hiyo fundi viatu anaweza kuishona upya.

Jaketi, angalia kola na viwiko. Ngozi ya bandia huanza kubanduka hapo, na ikishaanza haina dawa. Mashabiki wa metali wa Botswana wanajulikana kwa kuvaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi buti, lakini jua la mchana la Dodoma halina huruma. Subiri baridi ya usiku wa Juni na Julai.

Fulana za bendi ni za kubahatisha. Ukiiona unayoitaka usishangilie, bei itapanda papo hapo. Na usivae bendi usiyoisikiliza. Wakongwe watakuuliza albamu gani unaipenda, mara nyingi kwa hamu tu ya kupata wa kuongea naye. Kama huijui, sema huijui, uombe wakutajie mbili tatu za kuanzia. Hapo umepata wenyeji. Anayebabaisha ndiye anayeachwa pembeni.

Mikanda ya njumu (vile vichwa vya chuma vya urembo) ni adimu. Nunua mkanda mtupu wa ngozi halisi, njumu atakupigia fundi viatu. Wa ngozi ya bandia utachanika kwenye matundu.