Bawa la mtumba juu ya Kerio: miezi 14, nyota 4

Swali la kwanza watu huniuliza nikishatua na paraglaida yangu, lile bawa la kitambaa mtu anarukia nalo, kabla ata ya kuuliza kama niko sawa, ni "hii kitu ni pesa ngapi?" Sasa wacha niseme mara moja. Bawa hili nililinunua laki moja na elfu thelathini, mtumba, kutoka kwa rubani mgeni aliyekuwa anamaliza likizo yake Iten, mji ulio juu ya Bonde la Kerio hapa Kenya, na hakutaka kulibeba tena kurudi kwao. Bawa peke yake, bila hanesi (kiti cha mikanda cha rubani), bila helmeti, bila parachuti ya dharura. Jipya la daraja hilohilo ukiagiza nje unaongea laki nne na kitu kabla ushuru haujakugusa, kwa hivyo mtaelewa kwa nini mi nilihesabu pesa haraka nikafunga mdomo. Kosa lilianzia hapohapo, kwa ule mdomo uliofungwa.

Kampuni iliyolitengeneza siitaji, kwa sababu kasoro nitakazosema ni za umri na za mwenye alikuwa nalo, kiwanda hakina makosa. Ni paraglaida ya EN-A (daraja la kwanza la usalama kwenye vipimo vya Ulaya), saizi ya kati, imeandikwa kilo 80 hadi 100. Na hizo kilo si zako wewe ukiwa umetoka kuoga, ni wewe pamoja na nguo, viatu, hanesi, helmeti, maji, bawa lenyewe, kila kitu kinachopaa. Mi ni kilo 74, vitu vyangu vyote ni kama 17, jumla 91, niko katikati vizuri. Nasema hivi juu kuna jamaa mmoja alikuja kuliangalia akitaka nimuuzie, ni mtu wa kilo 95 bila kitu, nikamwambia hapana ndugu yangu, hii ni yangu na wewe tafuta kubwa. Ukizidisha uzito linaenda mbio kuliko lilivyopimwa na likikunjika angani linakunjika kwa hasira, ukiwa mwepesi sana nalo linakuwa laini, hewa inalichezea.

Alafu hiyo herufi A watu wanaielewa vibaya. Wanadhani ni kama kusema halikunjiki. Linakunjika. A maana yake ni kwamba kwenye majaribio wamelikunja makusudi na likajirudisha lenyewe bila rubani kufanya mengi, na likienda pembeni haliendi sana. Ukipanda B, C mpaka D mzigo wa kurekebisha unahamia kwako. Nguvu ya kitambaa na kamba ni kipimo kingine kabisa, huko wanalivuta mpaka mara 8 ya uzito wa juu kabisa ulioandikwa, kwa hivyo ile hofu ya mamangu kwamba "kamba zitakatika mtoto wangu" ndo ilikuwa ya mwisho kwenye orodha yangu. Haikuwa hofu ya bure hata hivyo, kamba ndo zilikuwa na shida, ila sio shida ya kukatika.

Ukiliangalia kwa macho lilikuwa linapendeza walai. Rangi bado kali, kitambaa ukikisugua kinatoa ule mlio wa karatasi mpya, hakuna kiraka ata kimoja. Jamaa akaniambia limeruka masaa 90 tu. Nikaamini. Sasa nikaanza kulitumia pale Iten juu ukingoni, na wenye wamewahi kusimama pale wanajua: uko mita kama 2,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, mbele yako bonde limeanguka zaidi ya mita elfu moja, na hewa nyepesi maana yake ni kwamba lazima ukimbie zaidi ndo bawa libebe. Mji wa wanariadha huu, mabingwa wa dunia wanapita barabarani asubuhi, na mimi niko hapo nakimbia na hanesi nikianguka kifudifudi mara ya tatu mbele ya watoto wa shule.

Shida ilikuwa moja. Navuta raiza za mbele (mikanda inayounganisha kamba na hanesi), bawa linajaa, linainuka vizuri mpaka kama nyuzi 60 hivi, alafu linakwama nyuma yangu. Halitaki kuja juu ya kichwa. Nikidhani ni mimi. Mwalimu wangu naye siku za kwanza alidhani ni mimi, akanipeleka uwanja wa mpira nikashinda wiki mbili nainua na kushusha, ambayo si hasara, kucheza na bawa chini ndo shule ya kweli na nashauri kila mtu. Lakini siku moja akaniambia nipe hilo bawa nijaribu mimi. Akaliinua, likakwama nyuma. Akanyamaza. Akaruka nalo, akazunguka dakika kumi, akatua akaniambia, "Kijana, usiliguse tena hili mpaka lipimwe. Linatembea polepole mno na breki zinashika mapema." Nikamwuliza lakini si kitambaa ni kizuri? Akasema kitambaa ndo kinachoonekana. (Breki ni zile kamba za ukingo wa nyuma wa bawa unazovuta kwa mikono.)

Hapa ndo pa kusikiliza kama unafikiria mtumba. Kamba za bawa nyingi siku hizi, hasa zile nyembamba za juu na za nyuma, ni za Dyneema, na Dyneema ina tabia ya kujikunja fupi na wakati, hasa ikilowa na kukauka na kama haibebi mzigo mkubwa. Kamba za mbele, zinazoitwa A (si ile A ya daraja), ndo zinabeba sehemu kubwa ya mtu kwa hivyo zinabaki zimenyooka au zinarefuka kidogo. Za nyuma hazibebi sana, zinafupika. Sasa fikiria mbele imerefuka kidogo nyuma imefupika kidogo, ni kama mtu amekuvutia breki kidogo siku nzima bila wewe kujua. Bawa linakuwa zito kuinuka, linatembea polepole, na siku ukitoka kwenye masikio (kukunja ncha za bawa makusudi ili ushuke) au ukivuta breki zaidi kidogo linaweza kukaa hapo limejaa hewa lakini haliendi mbele, linashuka tu kama lifti. Ukiwa juu sana una muda wa kulisukuma mbele. Ukiwa mita 30 juu ya migunga huna.

Nikalituma na rubani mwingine aliyekuwa anarudi Ujerumani, likapimwa kwa karakana huko, likarudi na karatasi baada ya miezi miwili. Ukaguzi ulinila elfu ishirini na tano, na marekebisho pamoja na kamba mpya za breki kama elfu kumi na mbili. Majibu: kitambaa hakipitishi hewa, kiko poa kabisa, nguvu ya kitambaa poa, kamba moja ya chini ikavutwa mpaka ikakatika kwa makusudi (hivyo ndo wanapima, wanaitoa mhanga alafu wanakuwekea mpya) ikapita. Lakini kamba za nyuma zilikuwa zimefupika mpaka sentimita mbili na nusu. Sentimita mbili na nusu kwenye kitu cha mita saba! Hakuna jicho la binadamu litaona hiyo umesimama kwenye nyasi. Wakarekebisha kwa vitanzi pale kamba zinaposhikana na raiza, na ndo hiyo tu, hakuna uchawi mwingine.

Siku ya kwanza baada ya kurudi nililiinua likaja juu ya kichwa lenyewe mpaka nikashtuka, nusura linipite. Bawa jingine kabisa. Likitulia linaenda kama kilomita 37 kwa saa, breki zina nafasi ya kutosha kabla hazijaanza kushika, ukitaka kugeuka unaegemea na nyonga tu na linakufuata kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza na wa pili sidhani unahitaji zaidi. Halina mbio, ukipishana na wale wazungu wa mabawa membamba wanaoelekea kaskazini upande wa Marakwet wanakuacha kama umesimama, lakini mi sishindani na mtu.

Limekunjika nikiwa nalo mara moja ya maana. Ilikuwa Januari, saa sita na nusu mchana, na hiyo ni kosa langu. Ukingo wa Elgeyo unaangalia mashariki, jua linaupiga tangu asubuhi, kwa hivyo kufikia saa tano hewa moto inapanda pale na nguvu ya kutisha, na ndo sababu Desemba mpaka Machi marubani wa Ulaya wanajaa Iten. Wao wanaitafuta hiyo. Mwanafunzi anaruka asubuhi mapema au anangoja jioni jua likiwa nyuma ya ukingo. Mi nikajiona mkubwa. Upande wa kulia ukaondoka, yaani unaangalia juu unaona nusu ya kitambaa haipo, mwili unaangukia huko. Nilichofundishwa ni mikono juu, egemea upande uliobaki, angalia unapotaka kwenda, usipanie breki. Likafunguka lenyewe kwa mlio kama shuka linalokung'utwa. Nikatua Biretwo, chini bondeni, nikakaa chini ya mti, nikanunua soda, sikuongea na mtu kama nusu saa.

Kuhusu upepo sina falsafa. Ukipita kilomita 25 kwa saa pale ukingoni mimi napiga stori na watu kisha naenda nyumbani, bawa linaenda 37, ukitoa 25 unabaki na nini? Na ukiona mawingu yameanza kujenga mnara juu ya vilima vya Tugen ng'ambo ile, usingoje yafike, shuka.

Sasa utunzaji, na hapa ndo watu wanaua mabawa yao polepole. Jua kwanza. Kitambaa ni nailoni yenye mipako, jua linaila, na jua la mita 2,400 sio la mchezo. Kuna watu wanalitandaza saa mbili wakipiga picha wakingoja upepo. Likusanye rundo kama uyoga, lifunike, litoe ukiwa tayari. Pili unyevu. Umande wa asubuhi Iten unajua mwenyewe, ukilikunja mbichi ukaliweka kwa begi mpaka wikendi ijayo utafungua ukutane na harufu ya koga. Kausha kivulini, ndani ya nyumba, usilianike juu ya seng'enge kama blanketi. Sabuni hapana, ata ile ya kitoto. Likichafuka ni kitambaa chenye maji masafi basi. Na kabla ya kukunja toa wadudu, usicheke, panzi ukimfungia ndani atakula njia ya kutokea.

Mi nalala kwa nyumba ya mabati na mchana joto linapanda vibaya huko juu, kwa hivyo bawa linakaa chini ya kitanda juu ya mbao, limekunjwa bila kubanwa, zile fimbo za plastiki za mbele zikiwa zimepangwa pamoja zisipinde. Panya nao nimewawekea mtego. Kwa matatu hilo begi ni abiria, nalilipia kiti. Kondakta mmoja alitaka kulirusha kwa keria kati ya kuku na mtungi wa dizeli tukakosana kabisa, akaniita profesa.

Miiba sasa. Bonde la Kerio ni zuri lakini ukikosa uwanja unatua kwa migunga, na mgunga hauachi kitambaa. Nimetua hapo mara mbili. Usivute! Kaa, pumua, toa mwiba mmoja mmoja, ata kama ni masaa mawili, na watoto wakija kusaidia waambie kwa upole wasikanyage, wape kazi ya kushika begi. Tundu dogo la kama kidole unabandika kiraka cha wambiso pande mbili, kikate kona ziwe za mviringo. Ikiwa imefika kwa mshono au karibu na pale kamba imeshikiliwa, hiyo sio ya kubandika nyumbani, peleka kwa wenye cherehani ya kazi hiyo.

Parachuti ya dharura niliinunua kwa mtu mwingine, elfu thelathini, akisema imekunjwa "juzi". Nikaifungua kwa ukumbi wa kanisa pamoja na mwalimu, mpira wa kushikilia kamba ulikuwa umeyeyuka ukagandana kama ubani uliotafunwa. Juzi ya mwaka gani? Hiyo kitu inatakiwa kufunguliwa, kupigwa hewa na kukunjwa upya angalau mara moja kwa mwaka, na ikizeeka miaka kumi hivi inastaafu. Mi hurusha mkono kuigusa kila nikiwa nimetulia angani, ili siku ya kuhitajika mkono ujue njia wenyewe.

Kwa hivyo hesabu ya kweli ya hili bawa ni 167,000, sio 130,000, na miezi miwili ya kungoja. Kwa bei hiyo bado nasema ilikuwa biashara nzuri, na nikinunua tena mtumba nitafanya kinyume: bawa liende kupimwa kwanza, pesa ikae kwa mtu wa tatu, karatasi ikirudi safi ndo tulipane. Muuzaji akikataa hilo ashajibu.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya begi. Zipu yake ilikufa mwezi wa pili na mpaka leo nafunga na kamba ya katani, na wale watoto wa shule pale juu wameshaamua jina langu ni Mzee wa Gunia.