Wifi yangu aliulizwa habari za kufa mbele ya baba mkwe

Kliniki siitaji, wenyewe wanajijua. Wifi yangu ni wa Karonga, Malawi, kaolewa kwetu Kyela. Tangu ajifungue halali, kichwa anasema kinawaka moto, moyo unamwenda mbio. Malaria wamepima wee, hakuna. Tukaambiwa tumpeleke Mbeya mjini akapimwe afya ya akili. Kaka yuko safarini, baba akajitolea kutusindikiza.

Nimetoka kidogo kulipia faili, narudi namkuta mpimaji kamkalisha baba awe mkalimani, eti wifi Kiswahili hakijamkaa. Baba mkwe! Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hata njiani anampisha, na wifi kalelewa hivyo hivyo. Huyo dada mpimaji ana dodoso lake la maswali 9, kalamu inatembea tu. "Mzee, hebu muulize, wiki 2 hizi amewahi kuona ni heri afe?" Baba kimya, anameza mate. Wifi kajifunika kanga mpaka puani, macho kwenye malapa yake, kila swali hapana. Alama zikajumlishwa: 0 kati ya 27.

"Mzima huyu, mrudisheni nyumbani."

Mzima! Mtu hajalala tangu masika! Nikamwambia huyo dada hivyo sivyo, akanijibu, "Mila zenu muwe mnaziacha getini." Na kwa lafudhi yake ni wa huku huku.

Haki yao niwape. Kuna nesi mtu mzima alisikia ninavyofoka, akamchukua wifi kwenye benchi la nje, wawili tu. Hakushika karatasi. Akaanza na mtoto: ananyonya? Anakusumbua usiku? Nyumbani unashinda na nani? Anamuuliza kwa Kinyakyusa, ambacho na Kingonde cha kina wifi havipishani sana. Walikaa mpaka foleni ikaisha. Wifi alilia, akasema yote, hata lile la kufa. Sasa anahudhuria, usingizi umeanza kurudi.

Kwa hiyo nilishakaa niandike kwamba nendeni, mkamuulizie huyo mama. Juzi tumerudi, mama yuko likizo, na yule dada wa dodoso akachungulia mlangoni, anacheka: "Leo mzee hajaja?"

Msiende. Au nendeni, lakini mkimkuta yeye, ombeni mwingine kabla hajachomoa kalamu.