Bitwarden: programu ya paswedi ambayo hata wasiopenda kompyuta wanaielewa

Kazi yangu ni IT sapoti, yaani nalinda mashine na netiweki ya ofisi na wakati huohuo nafundisha watu wanaozitumia, na hiyo ya kufundisha ndo ngumu zaidi aisee. Paswedi zilikuwa zimebandikwa pembeni ya skrini, mtu ana paswedi moja kwa imeili, benki, kila kitu. Nikawawekea Bitwarden na kwa kweli naipenda sana.

Ya bure tu inahifadhi paswedi bila kikomo na unazipata kwenye simu na kompyuta zako zote. Lakini kilichonikosha ni hiki, ukifungua saiti feki inayofanana kabisa na ile halisi, herufi moja tu imebadilishwa kwenye anwani, Bitwarden haikujazii paswedi yako kama kawaida, inakaa kimya. Dada wa uhasibu aliniita, "kaka mbona leo haijazi?" kucheki kumbe linki ya matapeli! Wenzake walielewa palepale kuliko semina yoyote.

Kasoro ipo. Paswedi kuu, ile moja inayofungua Bitwarden yenyewe, ukiisahau kampuni haiwezi kukurudishia, maana data inafungwa kwa hiyo paswedi kabla haijatoka kwenye mashine yako, kwa hiyo mfundishe mtu kwanza atunge ndefu, maneno manne matano yasiyohusiana, nakala aifungie kabatini. Na uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuombwa kodi ya ziada baada ya paswedi, muwashe siku hiyohiyo mkiwa bado mmekaa wote, ukimwachia awashe mwenyewe kesho hawashi ng'o.